Meza ya Karibu na Kioo

Siku mliyoniaga, ninyi wa zamu ya asubuhi mliniomba niwaandikie kazi ya minofu ilivyokuwa tulipoanza, ili wanaoingia sasa wajue mwendo huu mlioukuta ulitoka wapi. Nilikubali upesi kuliko mlivyotarajia. Ukimwomba Minza azungumze habari za Minza, huhitaji kumbembeleza. Sitataja vyeo, ingawa nilivipata, wala mishahara, maana haikuwa ya kutajwa mbele za watu. Nitaandika habari za kisu, za meza, za watu wawili walionifundisha, na za ugonjwa mmoja nilioingia nao kiwandani na ambao nimetoka nao, ila siku hizi mimi nao tunaheshimiana.

Ugonjwa wenyewe ni kujipenda. Sisemi kule kujipenda kwa kuoga na kupaka mafuta, huko hakuna ubaya. Nasema kujipenda kwa mtu anayeingia msibani, na kabla hajakaa ameshahesabu ni wangapi wamemwona akiingia. Binti yangu amesomea ushauri nasaha, na anasema jambo hilo lina jina la kitaalamu na vitabu vyake. Jioni moja tukichambua mchele alinisomea dalili zake kutoka kwenye simu, nami nikawa naitikia kila moja kama mwanafunzi anayeitwa jina darasani. Alipomaliza akaniuliza kama sikujisikia vibaya. Nikamwambia kilichonisumbua ni kwamba hao walioandika hawakuja kuniuliza mimi kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Magu, mtoto wa manju. Kwa wale wasiotoka Usukumani, manju ndiye kiongozi wa ngoma. Anatunga nyimbo, anaziimba, anawapanga wachezaji, na kwa kawaida anajitaja jina katika kila wimbo ili asije akasahaulika. Baba yangu aliongoza ngoma ya majembe upande wa Bagalu, chama kimoja kati ya viwili vya ngoma vya kwetu. Baada ya mavuno walikuwa wanashindana na Bagika, na mashindano yale hayana mwamuzi mwenye filimbi. Ngoma zote mbili zinapigwa kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, hawa huku, wale kule, na watazamaji wanakwenda wanakovutwa. Upande wenye watu wengi umeshinda, hakuna kukata rufaa. Nikiwa mtoto nilisimama karibu na ngoma kubwa, na sikuwa nawatazama wachezaji hata kidogo. Niliwatazama watazamaji. Wakituelekezea nyuso nilijisikia nimeshiba. Wakianza kugeuka, nikaiona migongo yao ikielekea kwa Bagika, njaa ilinirudia pale pale. Nadhani ugonjwa ulianzia pale, au pengine nilizaliwa nao na pale ndipo ulipopata chakula.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nilifagia vizuri sana, lakini nani anamtazama mfagiaji. Halafu ikaja miaka ile ya tisini, biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao hadi mashambani, na kiwanda chetu kikaanza kunyamaza mashine moja baada ya nyingine. Watu wa Magu walikuwa wanasema Mwanza ndiko mambo yalikohamia, kwamba ufuko mzima unajengwa viwanda vya sangara na minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Nilifunga nguo zangu nikaenda kwa shangazi Kirumba, kwenye chumba ambacho ukifungua dirisha unapata harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni wote kwa pamoja. Nilikuwa msichana mwenye umbo na sura, msinicheke, picha ninazo. Kiwandani waliniajiri kwa sababu walihitaji mikono.

Siku ya kwanza walinivisha koti jeupe, aproni ya plastiki, buti za mpira, kofia ya kufunika nywele zote na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Nilijitazama kwenye kipande cha kioo chooni nikakuta yamebaki macho mawili tu. Niliumia. Nilikuwa nimesuka nywele kwa ajili ya siku ile. Tukanawa mikono kwa maji ya klorini, tukakanyaga kidimbwi cha dawa mlangoni, tukaingia kwenye baridi inayopanda kutokea kwenye nyayo. Mwanzoni mwa ukumbi zilikuwa meza za wakataji, karibu wote wanaume. Hao ndio waliokuwa wanamlaza sangara, wanaingiza kisu nyuma ya shavu lake, wanafuata uti wa mgongo hadi mkiani na kuutoa mnofu mzima. Mifupa na kichwa vilikwenda kwenye mapipa, na jioni vilitoka nje kuwa mapanki ya watu wa Kirumba. Mnofu ulichunwa ngozi, kisha ukaja nyuma kwenye meza ya wasafishaji, wanawake watupu. Tuliondoa miiba iliyosalia, mafuta na nyama nyekundu, kisha mnofu ukaingia kwenye kreti lenye barafu. Mimi niliwekwa kwenye meza hiyo ya nyuma.

Juu ya meza za wakataji kulikuwa na kioo kirefu. Nyuma yake palikuwa na ujia wa ghorofani, na wageni walipitishwa huko ili waone kazi bila kuingia na vumbi la nje. Siku ile ile ya kwanza walipita wazungu wawili na meneja. Wakasimama huko ghorofani, juu ya meza ya mwisho, ile iliyokuwa chini ya kioo kabisa, wakamtazama mkataji kwa muda mrefu. Sisi wa meza ya nyuma hawakututazama, tulikuwa mbali na kioo. Kabla ya kengele ya chakula nilikuwa nimeshaamua kwamba meza ile ni yangu, ila mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa.

Aliyenifundisha meza ya nyuma ni Mama Nyangeta. Alitoka Majita, alikuwa ameuza samaki Mwaloni miaka mingi kabla ya viwanda kuja, na alikuwa na umri wa mama yangu. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kuacha kutumia macho. "Macho yanadanganywa na taa," aliniambia. "Pitisha ncha ya kidole, pole pole. Mwiba utakusalimia wenyewe." Pili alinifundisha kutokujibu baridi, yaani kutokuikunja mikono kwapani, kwa sababu ukiipasha moto tu itakuuma zaidi ukirudi mezani. Nilishika yote upesi. Kila niliposhika jambo nilimtazama usoni kuona kama ameshangaa. Hakuwa mtu wa kushangaa.

Kisu nilijifundisha kwa kuiba kwa macho. Wakataji walipokwenda kuvuta sigara nje, nilibaki na sangara waliokataliwa kwa kupondeka, nikawakata. Niwaambie wanaoanza: msikisukume kisu. Kisu kinachosukumwa kinararua, na mnofu uliorarulika hauna wa kuutaka. Kinolewe kidogo kidogo kwenye chuma kila baada ya samaki wachache, wala si mara moja asubuhi kama mnavyofanya ninyi, nimewaona. Mkono utulie, kifundo ndicho kiende. Ukifika kwenye mbavu, geuza kiganja kitazame juu, kisu kitapanda chenyewe juu ya mifupa na nyama ya tumbo haitabaki kwenye mapanki. Mbinu hiyo ya kugeuza kiganja ni yangu mimi. Ukimkuta mtu anasema aliibuni yeye, mlete kwangu.

Msimamizi aliponiona akaniweka kwenye meza ya wakataji kwa majaribio, na baada ya muda wakataji waliacha kutania na kuanza kunitazama. Mwenye meza ya karibu na kioo alikuwa halipendi jua la jioni lililopiga pale. Tukabadilishana, naye mpaka leo anadhani nilimfadhili.

Niwaeleze maisha yalivyokuwa pale, kwa sababu baadhi yenu mna ugonjwa huu na mnadhani hatuwaoni. Kila neno la sifa nililoambiwa nililikumbuka lilivyosemwa, na aliyelisema, na hali ya hewa ya siku ile. Msimamizi akimsifu mwingine, masikio yalinipata moto chini ya kofia. Mtu akinieleza shida yake, nilikuwa nasubiri apumue tu, nianze yangu. Mchana mmoja tulikuwa tunakula ugali na mapanki chini ya banda, nikawa nasimulia. Kengele ilipolia Mama Nyangeta akanivuta pembeni.

"Minza, Tabu wa meza yetu ya nyuma amefiwa na mama yake. Umesikia?"

"Nimesikia. Nimempa pole."

"Umempa pole. Halafu ukamweleza bibi yako alivyokufa, mpaka kengele imelia."

"Nilitaka ajue hayuko peke yake."

"Alikuwa peke yake," alisema Mama Nyangeta. "Mimi nilikuwa nimekaa naye, nimeona."

Nilimnunia wiki nzima. Nilijiambia ni mzee na ananionea wivu. Wenye ugonjwa wetu tunapenda sana neno wivu, linatusaidia mambo mengi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Kampuni moja ya ununuzi ya Ulaya ilituma watu wake kuja kukagua. Meneja alituita sote asubuhi akasema wazi kwamba wageni wakiridhika, watachukua mzigo mwaka mzima na zamu zote mbili zitabaki. Wasiporidhika, zamu moja itafungwa, na meza ya nyuma itapunguzwa nusu, kuanzia wenye umri mkubwa. Hakumtaja mtu. Sote tulimtazama Mama Nyangeta, naye akaendelea kufunga kamba za aproni yake.

Tukaanza kazi. Nilipoona vivuli juu ya kioo, damu ilinichemka kwa furaha. Nikaongeza mwendo. Nilikata kama sijawahi kukata, kisu kikiingia na kutoka, kiganja kikigeuka, mnofu ukitua upande wangu mzima na safi. Wakataji wengine hawakutaka kuachwa na mwanamke mbele za wageni, wakaongeza nao. Ukumbi mzima wa mbele ulikuwa unakwenda kwa mwendo wangu. Nilipoinua macho niliona viganja nyuma ya kioo vikipiga makofi, sauti haikupita lakini viganja niliviona. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo siku ya harusi yangu.

Wageni walishuka, wakavaa makoti na buti, wakaingia. Nilijinyoosha nikiwasubiri. Walinipita. Walikwenda moja kwa moja hadi meza ya nyuma, ambako minofu yetu ya kasi ilikuwa imerundikana juu ya meza na ndani ya makreti yaliyokosa barafu, na wanawake wale wamezama humo hawajui waanzie wapi. Mgeni mmoja alichomeka kipimajoto katikati ya rundo. Akamwonyesha mwenzake. Wakaongea kwa sauti ndogo, meneja akiwa amesimama kama mshitakiwa. Kutoka mezani kwangu niliona migongo tu.

Walikubali kurudi mara moja tu, mwezi wa nane. Kama watakuta hali ile, basi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilisema kwa sauti, ili nisikike, kwamba wa meza ya nyuma ni wazito na wametuangusha. Mama Nyangeta alikuwa anavua buti.

"Wazito nani?" aliuliza. "Wataje."

Nikasema Tabu. Nikasema Consolata. Nikatafuta jina la tatu nikalikosa. Nilikuwa nimefanya kazi nao tangu siku ya kwanza, nimekula nao ugali sinia moja, na wote nilikuwa nawaita dada.

"Umeona," alisema, akatoka.

Niliona aibu. Na kwa kuwa nimeahidi kuandika ukweli, niongeze kwamba hata aibu ile niliitazama. Nilikuwa nimesimama pale nikijiona jinsi ninavyopendeza nikiwa nimeinamisha kichwa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli, nikajua jambo hili lina mizizi. Nilijaribu kulikata. Nilikaa kimya mezani siku kadhaa, sijisifu wala sisimulii, na kila jioni nilikereka kwamba hakuna hata mmoja aliyenisifu kwa ukimya wangu.

Mwezi wa saba niliomba ruhusa nikaenda Magu kwenye mavuno. Siku ya ngoma nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda, usinga mkononi, magoti yamemkatalia kucheza. Nilimwonea huruma. Mtu ambaye uwanja mzima ulikuwa wake, sasa amekaa pembeni anawatazama vijana wakirusha majembe hewani na kuyadaka. Bagika walikuwa wakali mwaka ule, walikuja na nyoka wa kuchezea, na watu walianza kuwaendea. Baba hakuinuka. Alinyanyua usinga kidogo, mpiga ngoma kubwa akabadili mapigo, vijana wakapiga magoti wote kwa pamoja, majembe yakapanda kwa pamoja. Nikaona nyuso zinageuka. Watu wakarudi kwetu wakikimbia, akina mama na watoto migongoni, mpaka kwa Bagika wakabaki nyoka na wenyewe.

Nikamwendea. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Umewaona watu?"

"Nimewaona. Lakini baba, huumii? Wote wanamtazama yule kijana wa mbele."

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Yule ni mimi," alisema. "Na yule wa pili ni mimi. Na anayepiga ngoma ni mimi. Zamani nilikuwa mimi mmoja tu, nilikuwa nachoka sana."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa nimefika pale nikitafuta mtu wa kunifundisha unyenyekevu, nikamkuta mgonjwa mkubwa kuliko mimi, na amenawiri. Baba hakuwahi kuipunguza nafsi yake hata kidogo. Aliipanua tu, akawaingiza watu wote. Nilirudi Mwanza juu ya lori la mpunga nikiwa na furaha ya ajabu, nikiwa nimeshapanga kila kitu.

Asubuhi nilimwambia Mama Nyangeta nimepata dawa. Mimi niwe manju, na wakataji na wasafishaji wote wawe mikono yangu.

Alifikiri. "Mkono wako una jina?"

"Mkono hauna jina."

"Basi hawa si mikono yako. Anza na majina."

Hapo ndipo dawa ya baba ilipokamilika. Kila mchana nilikaa na mtu mmoja wa meza ya nyuma, nikamwuliza habari zake, na kila nilipotaka kuingilia na zangu nilijaza tonge mdomoni. Nilinenepa mwezi ule. Lakini nilijua kwamba Perusi amekulia Kamanga, ng'ambo ya ziwa, na anaogopa maji, kwamba Bhoke anatumia mkono wa kushoto na amepangiwa upande wa meza usiomfaa, kwamba Leticia haoni vizuri kwa karibu lakini kidole chake kinapata mwiba ambao sisi tungekula tukaumeza. Nilijua kwamba Tabu alikuwa na kifundo chepesi kuliko changu. Hilo niliumia kulijua.

Nikamwendea meneja nikamwomba nitoke kwenye kioo. Alidhani naumwa. Nikamweleza kwamba mbele hatuna haki ya kukata samaki mwingine kama nyuma hawajamaliza, kwa hiyo mwendo lazima utoke nyuma, na mtu asimame katikati anayeziona meza zote. Akaniruhusu kujaribu. Nikasimama kati ya wakataji na wasafishaji na chuma cha kunolea, nikawa nagonga ukingo wa meza. Pigo moja, mkataji anachukua samaki. Meza ya nyuma ikianza kujaa, nachelewesha pigo. Nilimhamishia Bhoke upande wake. Nikawagawa watu pande mbili, kila upande wakataji na wasafishaji wao, na wenyewe wakajipa majina, hawa Bagalu, wale Bagika, hata Wajita na Wajaluo waliokuwa hawajawahi kuiona ngoma hiyo. Upande uliokuwa na kreti safi na baridi zaidi ulikula kwanza. Kuimba kulikatazwa kwa sababu ya usafi, lakini hakuna kanuni inayokataza kuguna ndani ya kitambaa.

Ilibaki meza ya kioo. Nilijua nani anastahili. Nilizunguka nalo siku kadhaa, halafu nikamwita Tabu, nikamfundisha kugeuza kiganja, nikamwachia. Kisha nikaenda chooni nikalia kwa wivu mtupu, nikanawa uso, nikarudi kugonga.

Mwezi wa nane wageni walirudi kama walivyosema. Vivuli vikasimama juu ya Tabu. Nilikuwa nimewapa mgongo, nimejilazimisha hivyo, lakini mwili wangu uliwaona wale watu kwa kisogo. Niligeuka kidogo nikaona kidole kinamwonyesha Tabu, na mwingine anainama kumtazama vizuri. Masikio yakapata moto. Sikuona mkono wangu ulivyoanza kugonga haraka, ila niliona mbele wakiongeza kasi na minofu ya kwanza ikianza kupandiana. Mama Nyangeta aliinua macho kutoka kwenye meza yake. Alinitazama tu, kwa hayo macho mawili yaliyobaki juu ya kitambaa. Nikapumua. Nikapunguza pigo, nikawataja kimoyomoyo, Leticia, Bhoke, Perusi, Consolata, mmoja kwa kila pigo, na ukumbi ukatulia.

Waliposhuka walikwenda tena moja kwa moja nyuma. Kipimajoto kikaingia kwenye kreti, halafu lingine, halafu lingine. Mwenye kipimajoto akakifuta, akasema neno kwa meneja, na meneja akashusha mabega yake ambayo alikuwa ameyapandisha tangu asubuhi. Kisha wakauliza, meneja akitafsiri, mwendo huu ni wa nani.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na jibu zuri la unyenyekevu, nilishalifanyia mazoezi kwa shangazi, kwamba ni wetu sote. Nilifungua mdomo, na neno lililokuwa linakuja lilikuwa mimi. Nililisikia linapanda. Nikaufunga mdomo, na kwa kuwa sikuwa na tonge nikauma kitambaa.

"Ni wa huyu hapa, Minza," alisema Mama Nyangeta, kwa sauti ya kuuzia samaki Mwaloni. "Mwambie mgeni amtazame vizuri. Amekaa muda mrefu bila kutazamwa, amejitahidi sana."

Ukumbi mzima ulicheka, mbele na nyuma. Wageni walicheka bila kujua wanachekea nini. Mimi nilicheka huku machozi yakilowesha kitambaa, kwa sababu yule mama alikuwa ananijua nilivyo, na ugonjwa wangu wote, na bado amenipa sifa. Zamu zote mbili zilibaki. Hakuna aliyepunguzwa kwenye meza ya nyuma. Mama Nyangeta alifanya kazi mpaka alipochoka mwenyewe, akarudi Majita kwa hiari yake, na sherehe yake niliiandaa mimi. Hotuba niliitoa mimi pia. Ilikuwa ndefu, na kwa mara ya kwanza ilikuwa ndefu juu ya mtu mwingine.

Msidhani nilipona. Mwaka juzi, Neema wa zamu yenu aliposifiwa kwenye mkutano, nilijikuta nimesimama kueleza nani alimfundisha. Lakini siku hizi naujua unapokuja, unaanzia masikioni. Nauambia ukae, nikishamaliza kumsikiliza huyu nitakupa chakula chako. Na kweli naupa. Nikifika nyumbani namwita mume wangu, namwambia nimefanya vizuri leo, naye anasema umefanya vizuri, tunakula. Mtu mwenye njaa ya namna hii akijinyima kabisa ataiba, mimi nawaambia. Ile njaa ndiyo iliyonitoa meza ya nyuma, na ndiyo iliyonifanya nishindwe kuvumilia mnofu uliochanika uende Ulaya ukitokea mikononi mwetu.

Siku mliyoniaga, meneja wa sasa, kijana mwenye heshima, alinipandisha ghorofani. Mtashangaa kwamba sikuwahi kufika. Ujia ule ulikuwa wa wageni, na mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo miaka yote. Nilisimama wageni waliposimama, nikatazama chini. Niliona kofia nyeupe, vitambaa, makoti. Kioo kina ukungu kidogo kwa sababu ya baridi ya chini. Nilitafuta uso hata mmoja nikakosa.

"Kutoka hapa hatujui nani ni nani," alisema meneja. "Mnafanana wote."

Nilisimama pale nikiielewa habari hiyo pole pole. Zile siku zote nilizokata chini ya kioo, nywele zimesukwa ndani ya kofia, hakuna mtu aliyewahi kuniona. Waliona mikono. Nilisubiri niumie, na badala yake kicheko kikanijia kwa nguvu hadi yule kijana akanishika kiwiko akidhani ninaanguka.

"Mimi nawajua," nilimwambia. "Yule anayegeuza kiganja mapema ni Neema. Yule anayenoa kisu mara moja tu ni Kulwa, atasikia kutoka kwangu. Anayeshika kwa kushoto ni binti wa Bhoke. Na pale mezani kwangu ni Sophia, mkono wake umetulia leo, jana haukutulia." Nikaendelea mpaka nikawamaliza wote, mbele na nyuma, na meneja akawa anafuata kidole changu.

Kisha nikaanza kugonga kioo kwa pete yangu, mwendo ule ule wa chuma. Ninyi chini hamkuweza kunisikia. Visu vyenu vilikuwa tayari vinakwenda nao.